Mashine Iliyowaka na Vitabu vya Januari: Kisa cha Kurejesha Nakala za ESXi kwenye Proxmox

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, seva pekee ya kampuni moja inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla jijini Mwanza ilizimika baada ya umeme kukatika na kurudi mara mbili mfululizo, na haikuwaka tena. UPS ilikuwepo, lakini betri zake zilikuwa zimechoka kiasi kwamba kazi iliyobaki nayo ilikuwa kupiga kelele tu. Nilipofika nilikuta ubao mama umeungua upande wa kupokea umeme, na kontrola ya RAID (kifaa kinachoziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) iliyokuwa kwenye ubao huo huo haikuweza kuaminiwa tena. Diski zenyewe huenda zilikuwa nzima, ila kuzichomeka kwenye kontrola nyingine siku ya kwanza ilikuwa kamari ambayo sikuwa na sababu ya kuicheza, kwa kuwa ilikuwepo njia nyingine: nakala za akiba za kila Jumamosi usiku, zilizokuwa kwenye NAS (hifadhi ya mafaili iliyo kwenye mtandao wa ofisi) ya chumba cha pili, ambayo umeme huo haukuigusa.

Seva iliyokufa ilikuwa inaendesha ESXi 6.7, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja), na ndani yake mlikuwa na mashine tatu za namna hiyo. Ya kwanza, iliyoitwa MLINZI, ilikuwa na Windows Server 2016 na ndiyo iliyobeba akaunti zote za watumiaji, nywila zao na DNS ya ndani, inayogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani. Ya pili, HESABU, ilikuwa na Windows Server 2019 pamoja na SQL Server, yaani programu ya hifadhidata, na programu ya ankara, na hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe. Ya tatu, GHALA, ilikuwa CentOS 7 yenye ukurasa wa ndani wa kuonyesha mizigo iliyopo stoo. Nakala za zote tatu zilichukuliwa kwa hati fupi ya amri iliyoizima kila mashine Jumamosi usiku, ikanakili folda yake nzima kwenda NAS, kisha ikaiwasha tena. Ni njia ya kizamani, na wapo watakaoicheka, lakini ina sifa moja kubwa: mashine inayonakiliwa ikiwa imezimwa haiachi hifadhidata katikati ya sentensi. Sifa hiyo ilitufaa sana baadaye.

Kurudi kwenye ESXi hakukuwa jambo la kufikiria kwa muda mrefu. Msaada wa kawaida wa toleo la 6.7 ulikuwa umekoma tarehe 15 Oktoba 2022. Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware tarehe 22 Novemba 2023, mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ukasimamishwa, na Februari 2024 toleo la bure la ESXi likaondolewa. (Toleo la bure lilirudishwa Aprili 2025, lakini mwezi huo wa Juni hakuna aliyelijua hilo.) Mkurugenzi alikuwa tayari kununua seva iliyotumika, hakuwa tayari kuanza kulipia usajili wa kila mwaka kwa mashine tatu. Tukapata seva mjini siku hiyo hiyo, na kabla ya magharibi Proxmox VE 8, mfumo mwingine wa kuendesha mashine pepe, ilikuwa imeshakaa.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulichukulia kirahisi. Tangu mwaka huo wa 2024 Proxmox ina chombo cha kuhamisha mashine kutoka ESXi kwa kubofya mara chache, nacho ni kizuri kweli. Lakini chombo hicho huzungumza na seva ya ESXi iliyo hai: huingia ndani yake, husoma maelezo ya mashine, huvuta diski na kutafsiri mipangilio. Seva yetu ilikuwa maiti. Tulichokuwa nacho ni folda tatu zenye mafaili, na kazi yote ya kutafsiri, ambayo chombo kile kingeifanya kimya kimya, ilibidi tuifanye kwa macho na mikono yetu.

Kugeuza diski kutoka VMDK, umbo la VMware, kwenda umbo ambalo Proxmox inalitumia ni amri moja ya mstari mmoja, `qemu-img convert`, na muda wake hutegemea tu kasi ya waya. Kwa mtandao wa gigabiti moja, ambao kwa hali nzuri hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, diski za gigabaiti 500 huchukua kama saa moja na robo. Nilianza na diski za MLINZI, kisha HESABU, nikaacha zinatembea huku natengeneza mashine tupu za kuzipokea.

MLINZI ilikuwa ya kwanza kuwashwa, kwa sababu bila hiyo hakuna anayeweza kuingia kokote. Kwenye ESXi diski yake ilikuwa imefungwa kwenye kontrola ya LSI Logic SAS, ambayo haimo katika orodha ya kontrola anazopewa mtumiaji wa Proxmox. Windows huamka ikitafuta diski kupitia draiva iliyozoea kuitumia. Isipoipata, inatoa skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE na kujiwasha upya. Niliifunga diski kwenye SATA, nayo ikaamka bila malalamiko. Haikuwa bahati. Mashine hiyo ilipoundwa kwenye ESXi ilikuwa imepewa kisomaji cha CD kilichopita kwenye SATA, kwa hiyo draiva ya SATA ilikuwa imeshaamshwa ndani ya Windows kwa miaka yote hiyo, ikihudumia CD ambayo huenda hakuna aliyewahi kuiweka.

Ilipoamka, saa yake ilisema saa moja usiku, na nje ilikuwa saa nne usiku. Tofauti ya saa tatu kamili humwambia fundi yeyote wa Afrika Mashariki kilichotokea kabla hajagusa chochote. Kwa haraka zangu nilikuwa nimeiacha aina ya mfumo kwenye Linux wakati wa kuunda mashine, na Proxmox huipa mashine ya Linux saa ya UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), huku mashine ya Windows hupewa saa ya mahali ilipo. Windows ikapokea saa ya UTC na kuiamini kuwa ni ya Mwanza. Kwa mashine ya kawaida hilo ni kero. Kwa mashine inayotoa vibali vya kuingia ni hatari, maana Kerberos, utaratibu unaothibitisha watumiaji wanaoingia, kwa mpangilio wake wa kawaida haivumilii saa zinazopishana kwa zaidi ya dakika 5, na kompyuta zote za ofisini zingekataliwa mlangoni asubuhi. Nilirekebisha kabla ya kuunganisha mtandao, ambao kwa makusudi nilikuwa nimeuacha umekatwa katika mipangilio ya mashine.

Mtandao nao ulikuwa na mzimu wake. Anwani ya IP ya kudumu ya MLINZI ilikuwa imeandikwa kwenye kadi ya mtandao ya vmxnet3, ambayo haipo tena. Kadi mpya iliyoletwa na Proxmox ilikuja tupu. Nilipojaribu kuiandikia anwani ile ile, Windows ilionya kwamba anwani hiyo tayari ni ya kadi nyingine, kadi isiyoonekana. Dawa yake ni kufungua orodha ya vifaa, kuamuru vifaa vilivyofichwa vionekane, kuifuta kadi ya zamani iliyopauka rangi, kisha kuiandikia anwani kadi mpya. Mambo haya ni madogo na kila aliyewahi kuhamisha mashine za Windows anayajua, lakini seva ya DNS iliyopata anwani isiyo yake huangusha ofisi nzima, na mtu aliyekesha hutafuta kosa kila mahali isipokuwa hapo.

HESABU ilikataa kwa namna mbili tofauti. Kwanza haikuona diski ya kuanzia kabisa. Nilifungua faili la maelezo ya mashine, lile linaloishia na .vmx, nikakuta mstari unaosema `firmware = "efi"`. Proxmox, usipoiambia vinginevyo, huipa mashine BIOS ya kale (fimwea, yaani programu ya kwanza kabisa inayoiamsha kompyuta), na diski iliyopangwa kwa UEFI, mrithi wa BIOS, haiwezi kuanza kwenye BIOS hata ingekuwa nzima kiasi gani. Nilibadilisha fimwea kuwa OVMF, ambayo ni UEFI ya mashine pepe, nikaongeza diski ndogo ya kuhifadhi kumbukumbu zake, na mashine ikaanza kusoma. Kisha ikaja skrini ya buluu. Mashine hii haikuwa na kisomaji cha CD hata siku moja, na diski zake zilikuwa kwenye kontrola ya VMware iitwayo PVSCSI. Kwa bahati QEMU, ambayo ndiyo injini iliyo chini ya Proxmox, inaiga kontrola hiyo hiyo, nayo imo kwenye orodha. Niliichagua, na Windows ikaamka ikidhani bado iko nyumbani.

Sikutaka ibaki hivyo, kwa sababu kontrola ya virtio, iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, ndiyo inayofaa zaidi kwa mashine zinazokaa kwenye KVM, teknolojia ya Linux ambayo Proxmox huitumia. Hapa ipo njia ambayo kwangu ndiyo salama kuliko zote: mashine ikiwa imewaka kwa kontrola ya zamani, unaiongezea diski ndogo ya gigabaiti 1 isiyo na kazi yoyote, iliyofungwa kwenye virtio, kisha unaweka draiva za virtio kutoka kwenye CD yake. Windows inaiona diski ile, inaipokea draiva, na kuanzia hapo inaijua hata wakati wa kuamka. Unaizima, unahamishia diski kubwa kwenye virtio, unaitoa ile ndogo. Wanaojaribu kuweka draiva kwa nguvu wakati mashine imeshagoma kuamka hufanikiwa mara nyingine, lakini wanafanya kazi hiyo wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja.

Baada ya kuhama kontrola, SQL Server ilikataa kuanza. Diski ya D, yenye hifadhidata zote, ilikuwa imetoweka. Kwa dakika chache moyo ulinienda mbio. Kisha nikakumbuka kwamba Windows Server, inapokutana na diski mpya kwenye njia inayodhani inaweza kutumiwa na seva nyingine, huiacha imezimwa hadi mtu aiamuru iwashwe. Diski haikuwa mpya, ila njia yake ilikuwa mpya. Niliiwasha kwa diskpart, chombo cha Windows cha kusimamia diski, nikaiondolea alama ya kusomwa tu, SQL Server ikasimama, programu ya ankara ikafunguka. Ilikuwa karibu saa tisa usiku. Nililala kwenye kiti nikiwa na hakika kwamba kazi kubwa imekwisha.

Saa mbili asubuhi mhasibu mkuu aliketi, akaingia, akatazama skrini kwa muda, kisha akageuka. "Fundi," akasema, "ankara zangu za Februari mpaka leo ziko wapi?"

Ankara ya mwisho katika mfumo ilikuwa ya Jumamosi, tarehe 20 Januari. Hakukuwa na kosa lolote kwenye skrini, hakuna onyo, hakuna hifadhidata iliyovunjika. Mashine ilikuwa na afya kamili, na ilikuwa imechelewa kwa miezi mitano. Kosa lilikuwa langu. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu ni kosa ambalo mtu mwangalifu analifanya kwa urahisi.

Hivi ndivyo sehemu ya folda ya HESABU ilivyoonekana kwenye NAS, kwa diski ya pili peke yake:

HESABU_1.vmdk
HESABU_1-flat.vmdk, gigabaiti 380
HESABU_1-000001.vmdk
HESABU_1-000001-sesparse.vmdk, gigabaiti 41
HESABU_1-000002.vmdk
HESABU_1-000002-sesparse.vmdk, gigabaiti 67

Usiku ule nilikuwa nimegeuza `HESABU_1.vmdk`. Jina lake ndilo jina la diski, na faili lililo nyuma yake ndilo kubwa kuliko yote. Jicho lililochoka huenda hapo moja kwa moja. Mafaili mengine, yale yenye tarakimu, yalikuwa yanasema kwa sauti kwamba mashine hii ina picha za hali, ambazo mafundi wengi huziita snapshoti, na kwamba zipo mbili. Ya kwanza ilichukuliwa tarehe 20 Januari kabla ya kusasisha programu ya ankara, ya pili tarehe 2 Machi kwa sababu kama hiyo, na hakuna aliyekumbuka kuzifuta baada ya masasisho kufaulu.

Jina lenyewe linapotosha. Mtu akisikia picha ya hali anadhani ni kitu kilichowekwa pembeni, kama picha ndani ya albamu, huku diski ya asili ikiendelea na maisha yake. Kwenye VMware mambo ni kinyume. Snapshoti inapochukuliwa, diski ya asili ndiyo inayogandishwa. Tangu dakika hiyo haiandikwi tena hata herufi moja, na kila badiliko huenda kwenye faili jipya la tofauti. Ya pili ikichukuliwa, faili la kwanza la tofauti nalo linagandishwa, na la pili linaanza. Kwa hiyo faili la gigabaiti 380 lilikuwa kweli lile la tarehe 20 Januari, faili la gigabaiti 41 lilikuwa na kila kilichotokea hadi tarehe 2 Machi, na faili la gigabaiti 67 lilikuwa na yote ya kuanzia hapo hadi Jumamosi iliyopita. Diski ya kweli ya HESABU ni yote matatu yakisomwa kwa pamoja kuanzia juu. VMware yenyewe imewashauri wateja wake kwa miaka mingi wasiishi na snapshoti moja kwa zaidi ya saa 72. Zetu zilikuwa na miezi mitano na mitatu, na ukubwa wa mafaili yale peke yake ungetosha kunishtua kama ningeyatazama kabla ya kuandika amri.

Na jibu lilikuwa limeandikwa mahali nilipokuwa nimefungua kwa mkono wangu mwenyewe. Faili lile la .vmx, ambamo nilitafuta mstari wa fimwea nikaupata na kulifunga, lilikuwa na mstari mwingine, chini kidogo: `scsi0:1.fileName = "HESABU_1-000002.vmdk"`. Ndiyo diski ambayo mashine ilikuwa ikiitumia. Ningesoma mistari kumi zaidi, usiku ule ungekuwa mfupi.

Jambo moja lilituokoa. Sikuwa nimeiwasha mashine juu ya mafaili ya NAS. Nilikuwa nimetengeneza nakala iliyogeuzwa, na yale ya asili yalibaki hayajaguswa. Hilo si adabu ya kikazi tu. Kila faili dogo la maelezo ya diski lina namba ya utambulisho iitwayo CID, na faili la tofauti huandika pia parentCID, yaani namba ya mzazi wake kama ilivyokuwa siku ya kuzaliwa kwake. Diski ya asili isiyo na mzazi huandikwa ffffffff. Diski ya asili ikifunguliwa kwa kuandikwa na programu inayofuata taratibu, namba yake hubadilika, na kuanzia hapo VMware hukataa kumfungua mtoto kwa kusema mzazi wake amebadilishwa. Ikiandikwa na programu isiyojali, namba hubaki ile ile na hali yaliyomo hayapatani tena, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa kuwa mnyororo unafunguka vizuri na kutoa takataka. Aliyewahi kuiwasha diski ya asili "kuangalia tu" bila kunakili anajua maumivu ya jambo hili.

Nilifungua mafaili matatu ya maelezo yaliyo madogo, kila moja likiwa na mistari michache ya maandishi, nikalinganisha namba. Ziliungana: parentCID ya 000002 ilikuwa CID ya 000001, na parentCID ya 000001 ilikuwa CID ya diski ya asili. Mistari ya parentFileNameHint ilitaja majina matupu bila njia ndefu ya folda za ESXi, kwa hiyo haikuhitaji kurekebishwa. Mafaili ya tofauti yalikuwa ya aina ya SEsparse, aina ambayo ESXi huitumia kwa snapshoti zote zilizo kwenye VMFS6, mfumo wake wa mafaili, na ambayo QEMU imeweza kuisoma tangu mwaka 2019. Mwenye toleo la kale zaidi ya hapo angekwama. Kabla ya kugeuza niliamuru `qemu-img info --backing-chain HESABU_1-000002.vmdk`, na safari hii nikasoma kila mstari uliotoka. Pete tatu, kwa mpangilio sahihi. Nikafanya hivyo hivyo kwa diski ya kwanza yenye Windows, kwa sababu snapshoti hushika diski zote za mashine, na kuichanganya C ya Januari na D ya Juni kungezaa fumbo jingine.

Ugeuzaji wa pili ulichukua karibu saa mbili. Hatua za fimwea, kontrola, diski ndogo ya kuazima na diskpart zilirudiwa kwa mpangilio ule ule, sasa kwa dakika arobaini badala ya usiku mzima. Mara hii, kabla ya kumwita mtu yeyote, niliiuliza hifadhidata tarehe ya ankara yake ya mwisho: Jumamosi, tarehe 8 Juni, saa 11:52 jioni. Kisha nikaendesha DBCC CHECKDB, amri ya SQL Server ya kukagua uzima wa hifadhidata, kwenye kila hifadhidata, na zote zikatoka safi, jambo ambalo ninalihesabu kuwa tunda la kuzimwa kwa mashine kabla ya kunakiliwa.

GHALA ilibaki ya mwisho na haikusumbua sana. CentOS 7 hutengeneza faili la kuamkia lenye draiva za vifaa vilivyokuwepo siku lilipotengenezwa tu, kwa hiyo ilipofungwa kwenye virtio ilisubiri, ikaandika kwamba dracut, chombo kinachotengeneza faili hilo, imechoka kungoja diski, ikaniacha kwenye skrini ya amri za dharura. Niliiwasha upya nikachagua kiingilio cha uokoaji kwenye menyu, ambacho faili lake la kuamkia hubeba draiva za kila aina, nikatengeneza upya mafaili ya kuamkia kwa dracut pamoja na draiva za virtio. Kadi ya mtandao iliyojulikana kama ens192 sasa ilijiita ens18, na faili la mipangilio likabadilishwa jina kufuatana na hilo. Msaada wa CentOS 7 wenyewe ulikuwa unakoma tarehe 30 ya mwezi huo huo, kwa hiyo nilimwambia mkurugenzi wazi kwamba hii tumeifufua ili ifie mahali pazuri.

Kilichobaki hakikuwa cha kompyuta. Kati ya Jumamosi usiku na Alhamisi asubuhi kulikuwa na mauzo ambayo hayakuwemo kwenye nakala yoyote. Kila mauzo, hata hivyo, yalikuwa yametolewa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na mashine za EFD huchapa ripoti ya Z ya kila siku yenye jumla ya siku nzima. Wahasibu wawili waliingiza ankara upya kutoka kwenye nakala za karatasi, na mwisho wa kila siku waliyoiingiza walilinganisha jumla ya mfumo na jumla ya ripoti ya Z. Jumatatu ililingana mara ya kwanza. Jumanne ilizidi kwa ankara moja ya nondo, ambayo ilikuwa imeingizwa na wote wawili. Jumatano ililingana. Nilipendekeza Alhamisi ihesabiwe kwa jicho la karibu zaidi, kwa sababu ilikuwa siku iliyokatika katikati, na hatukuwa na njia ya kujua nini kilikuwa kimeandikwa kwenye mfumo dakika za mwisho.

Njia ilipatikana Julai. Tuliazima seva yenye kontrola ya aina ile ile, tukazichomeka diski za zamani kwa mpangilio wa namba tulizokuwa tumeziandika kwa kalamu ya wino juu ya kila moja siku ya kuzitoa, na kontrola ikautambua mpangilio wake wa RAID na kukubali kuupokea. Kupitia Linux yenye zana za kusoma VMFS6 niliitoa folda ya HESABU kama ilivyokuwa dakika umeme ulipokatika, nikaufuata mnyororo kuanzia 000002, na kuiwasha mashine hiyo ikiwa haina kadi ya mtandao hata moja. SQL Server ilisoma kumbukumbu zake za miamala, ikamaliza zilizokuwa zimethibitishwa, ikafuta zilizokuwa nusu, ikafunguka. Mhasibu alichapa orodha mbili, ya mashine hii na ya ile iliyokuwa ikifanya kazi, akaziweka sambamba juu ya meza na kuzipitia kwa rula. Kati ya ankara 213 za siku hizo nne, 211 zililingana. Mbili zilizokuwepo kwenye diski za zamani peke yake zilikuwa za Alhamisi asubuhi, za mteja aliyeandikiwa mzigo kisha, umeme ulipokatika, akaondoka kabla ya kulipa; risiti ya EFD haikuwa imetolewa, mabati yalikuwa bado stoo, na mhasibu akazikata kwa wino mwekundu.